Wakesho Amekalia Maiki

Kaa karibu. Fungua masikio yako, la kulia na la kushoto. Hadithi hii inataka masikio.

Juu kwenye vilima vya Taita, mahali panapoitwa Wundanyi, aliishi msichana mdogo. Jina lake lilikuwa Wakesho.

Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Lakini usidhani alinyamaza! Wakesho alisema akila. Alisema akioga. Alisema hata akipiga mswaki, povu likimtiririka kidevuni.

Wakesho aliishi na shangazi yake, Shangazi Mghoi. Na Shangazi Mghoi alikuwa na redio.

Si redio ya kusikiliza taarifa ya habari, la. Hii ilikuwa redio ya kuzungumza! Unasema hapa, mtu wa mlima wa mbali anasikia. Kisha naye anakujibu.

Redio ilikaa mezani, karibu na dirisha. Ilikuwa na maiki nyeusi, yenye waya mrefu uliojisokotasokota. Nje, juu ya paa, ilisimama antena. Redio ikiwa imewashwa, ilivuma polepole.

Shshshshsh.

"Maiki ina kitufe kimoja," Shangazi alimfundisha Wakesho. "Ukikibonyeza, unasema. Ukikiachia, unasikiliza. Yote mawili kwa pamoja hayawezekani."

"Nikimaliza kusema, je?"

"Unasema 'ova'. Ova maana yake, mimi nimemaliza, sasa sema wewe."

Na redio ilikuwa na taa ndogo, ndogo kama punje ya mahindi. Wakesho aliitungia wimbo.

Taa nyekundu, nasema mimi!
Taa ya kijani, nasikiliza!

Hebu imba na wewe. Tutauhitaji.

Taa nyekundu, nasema mimi!
Taa ya kijani, nasikiliza!

Vizuri sana.

Sasa, Shangazi Mghoi alikuwa mwalimu. Alifundisha watu kutumia redio. Lakini hakuwa na darasa, wala ubao, wala chaki. Alikuwa na simu yake tu. Alijirekodi video, akaziweka mtandaoni.

Shida ni kwamba Shangazi alipenda kueleza. Alieleza antena. Alieleza waya wa antena. Alieleza kamba ya kufungia waya wa antena. Watu walitazama kidogo, wakapiga miayo, wakaenda zao.

"Nipishe nijaribu mimi," alisema Wakesho.

Akasimama mbele ya simu. Akavuta pumzi.

"Mimi naitwa Wakesho! Nina miaka sita! Leo nawafundisha taa!"

Watu walimpenda mno. "Hongera, mwalimu mdogo!" waliandika. "Tuletee nyingine!"

Wakesho akifundisha, hakukosea hata mara moja. Kwenye video, lakini. Nyumbani alikosea kila saa! Alikohoa, akasahau, akaangusha maiki. Jioni Shangazi aliketi akakata makosa yote, moja baada ya jingine. Video ikabaki safi.

Watu walitazama. Watu walicheka. Lakini hewani hawakuja.

Kila Jumamosi Shangazi aliwasha redio na kuwaita. Kila Jumamosi alijibiwa na mtu yule yule, Mzee Mwakio, fundi wa saa kutoka Voi.

"Ni mimi tena," alisema Mzee Mwakio. "Wale wanafunzi wenu wako wapi? Ova."

"Wanaogopa," alisema Shangazi.

"Wanaogopa nini?" aliuliza Wakesho.

"Wanaogopa kukosea, watu wakasikia."

Wakesho hakuelewa. Kusema ni kusema tu. Kuna nini cha kuogopa?

Siku moja, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu. Ting! Ilikuwa sauti ya mtu mzima, nyembamba na ya polepole.

"Mwalimu wangu Wakesho, hujambo? Mimi ni Nyanya Mkamburi, naishi Kasigau. Nikishuka sokoni, huwa natazama video zako. Nimesoma. Nimefanya mtihani. Kibali cha kusema redioni ninacho, na redio mwanangu amenipa. Lakini kusema, bado sijasema."

Wakesho alisogeza sikio karibu na simu.

"Nyumbani kwangu simu haipati mtandao. Niko peke yangu na mbuzi wangu. Redio ingenifaa kweli. Basi Jumamosi alasiri nitajaribu kuita. Mkinijibu, nitafurahi. Nikikosa jibu, nitaifunga redio kwenye boksi lake nimrudishie mwanangu. Mimi ni mtu mzima. Aibu siiwezi."

Wakesho aliruka juu. "Mwanafunzi! Tumepata mwanafunzi!"

Siku hiyo hiyo alisimama mbele ya simu. "Nyanya Mkamburi!" alisema. "Ukiita, mimi nitakujibu. Mimi mwenyewe. Nakuahidi!"

Video ikaenda mtandaoni. Ahadi ikaenda nayo.

Jumamosi ikafika. Na upepo nao ukafika.

Vuuuu!

Ukungu ulishuka ukafunika mashamba ya kabeji. Antena ilitikisika juu ya paa. Nyii-nyaa. Nyii-nyaa.

Shangazi aliisimamisha simu kwenye kigoda, ili irekodi kila kitu. Akawasha redio.

Shshshshsh.

"Wundanyi, hapa ni Voi," alisema Mzee Mwakio. "Nawasikia vizuri. Leo mimi nakaa kimya kabisa. Nafasi ni ya Nyanya. Ova."

Wakesho alishika maiki kwa mikono miwili. Moyo wake ulimdunda. Du-du, du-du. Aliitazama taa.

Taa ya kijani, nasikiliza.

Shshshshsh.

Hakuna mtu.

Shshshshsh.

Bado hakuna mtu.

Ghafla, kraa! Kamba ya antena ilifunguka. Antena ikainama upande. Ikiinama zaidi, itaanguka. Na ikianguka, Nyanya ataita na hakuna atakayemsikia!

"Mama yangu!" alisema Shangazi. Akachukua ngazi mbio. "Wakesho, kaa hapo dirishani nikuone. Usiseme redioni mpaka nirudi. Wewe sikiliza tu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

Ujue, mtoto haruhusiwi kusema kwenye redio hiyo bila mkubwa kando yake. Wakesho alijua. Basi aliiweka maiki chini, taratibu. Aliiweka wapi? Aliiweka kwenye kiti.

Shangazi alipanda ngazi. Wakesho aliona miguu yake tu dirishani. Upepo uliivuta sketi yake huku na huko.

Vuuuu! Baridi iliingia dirishani. Wakesho alitetemeka. Akaenda kitandani, akachukua blanketi nzito, akaikunja, akaitandika kwenye kiti.

Kwenye kiti kipi? Kile kile.

Kisha Wakesho akaketi.

Kla.

Sauti ilikuwa ndogo sana. Blanketi iliimeza. Wakesho hakuisikia.

Lakini taa ilibadilika. Wewe unaiona? Ni ya rangi gani?

Sh! Usimwambie. Hawezi kukusikia.

Ule mvumo wa redio ukakoma. Hapana shshsh. Hapana kitu. Wakesho alidhani redio imetulia vizuri.

Mezani palikuwa na hindi la kuchoma. Wakesho alilichukua. Akatafuna kwa meno ya pembeni, maana ya mbele hana.

Kwacha, kwacha, kwacha.

Alisikiliza. Kimya.

Kwacha, kwacha, kwacha.

Alisikiliza tena. Kimya kabisa.

Akaimba wimbo wa mbuzi. Akaimba wimbo wa kabeji, ambao aliutunga papo hapo na haukuwa mzuri. Kisha akapiga chafya. Chyaa!

Na taa, je? Taa ni ya rangi gani?

Dakika zikapita. Wakesho alianza kuwa na wasiwasi.

"Nyanya, uko wapi?" alinong'ona.

Alinyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio. Akaongeza tena. Kimya.

Labda antena imeanguka?

"Shangazi!" alipaza sauti. "Imeanguka?"

"Haijaanguka!" Shangazi alijibu kutoka juu. "Nimeishika! Nafunga kamba! Nyanya ameita?"

"Bado!"

"Endelea kusikiliza!"

Antena ilikuwa juu. Redio ilikuwa imewashwa. Wakesho alikuwa hapo, masikio wazi. Basi kosa ni la nani?

Machozi yalimjia. Baada ya machozi, hasira.

"Ni Nyanya," alisema. "Alisema ataita, na hajaita. Mimi nimekuja! Yeye hakuja!"

Alipiga teke mguu wa meza.

"Nyanya ni mwoga! Mwoga kama kuku!"

Lo! Wakesho! Mtu mzima haambiwi hivyo, hata akiwa hayupo.

Na kama yupo, je?

Wakesho alipangusa macho. Simu bado ilikuwa inarekodi. Afadhali afundishe kitu, video isiende bure. Aliitazama simu, akatabasamu kidogo, akanyoosha kidole chake kuelekea redio.

"Taa nyekundu, nasema mimi," aliimba. "Taa ya kijani, nasi..."

Kidole kikasimama hewani.

Taa haikuwa ya kijani.

Taa ilikuwa nyekundu. Nyekundu kabisa!

"Lakini mimi sisemi redioni," alisema Wakesho. "Sijashika maiki. Nani anasema?"

Alitazama mezani. Maiki haipo.

Alitazama chini ya meza. Maiki haipo.

Moyo ulidunda. Du-du! Du-du! Akaushika waya wa maiki, akaufuata kwa kidole. Waya ulitoka kwenye redio. Ukashuka mezani. Ukapanda kwenye kiti. Ukaingia chini ya blanketi. Ukaingia chini ya...

Chini ya Wakesho!

Aliruka kama aliyekalia siafu.

Kla!

Taa ikawa ya kijani. Mvumo ukarudi, shshshshsh, na hapo hapo sauti ikalipuka.

"Wakesho! Wakesho! Umekalia maiki, mjukuu wangu! Umeikalia! Nimepiga kelele mpaka koo limekauka! Ova!"

Alikuwa Mzee Mwakio.

Wakesho alisimama akiwa ameduwaa. Hindi likamtoka mkononi. Wakati huo huo Shangazi aliingia, nywele zimejaa ukungu, mikono imejaa kutu.

"Kamba imeshika!" alisema kwa furaha. Kisha akaona uso wa Wakesho. "Kuna nini?"

"Nimekalia maiki," alisema Wakesho.

Shangazi alishika kichwa. Akachukua maiki, akabonyeza kitufe.

"Mzee Mwakio, mmesikia nini? Ova."

"Tumesikia mahindi," alisema Mzee Mwakio. "Tumesikia nyimbo mbili. Tumesikia chafya." Akakohoa kidogo. "Na tumesikia habari za kuku. Ova."

Masikio ya Wakesho yakawa moto.

"Na Nyanya Mkamburi? Ova."

"Sijui, mama. Huyu mtoto alipokalia maiki, hakuna sauti nyingine iliyoweza kupita. Nyanya hata angeita, asingepata nafasi. Lakini kusikia? Yeyote aliyewasha redio amesikia kila kitu. Ova."

Kila kitu!

Wakesho alitaka kuingia chini ya kitanda, akae huko mpaka awe mkubwa. Alimfikiria Nyanya huko Kasigau, na redio mpya mbele yake. Alifikiria boksi. Labda sasa hivi Nyanya analifunga. Labda ameshalifunga.

"Shangazi, sema wewe," alilia. "Mwambie Nyanya anisamehe."

Shangazi alipiga magoti mpaka macho yao yakawa sawa.

"Aliyemwahidi ni nani?"

"Mimi."

"Basi anakusubiri wewe. Mimi niko hapa. Siondoki."

Akampa maiki.

Kwa mara ya kwanza maishani, Wakesho hakutaka kusema. Watu wote watasikia. Akikosea tena, watu wote watasikia!

Kumbe kuogopa ndiko huku.

Alibonyeza kitufe.

Taa nyekundu, nasema mimi.

"Nyanya Mkamburi wa Kasigau," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Hapa ni Wakesho. Nilikalia maiki. Nikakuzibia njia. Nikasema maneno mabaya, na wewe ni mkubwa wangu. Nisamehe, Nyanya." Akameza mate. "Shikamoo. Ova."

Akakiachia kitufe.

Taa ya kijani, nasikiliza.

Shshshshsh.

Wakesho alisubiri. Unajua, mtu mzima akiamkiwa shikamoo, huitikia. Hata akiwa na haraka, huitikia. Asipoitikia, amekasirika kweli.

Shshshshsh.

Hakuna marahaba.

"Nimwite tena?" alinong'ona Wakesho. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kilimwasha, kikataka kubonyeza.

"Hapana," alinong'ona Shangazi. "Ukibonyeza sasa hivi, na yeye akabonyeza, utamzibia tena. Mwachie nafasi."

Ee, kazi ilikuwa hapo! Kusema, Wakesho aliweza. Kunyamaza nani alimfundisha?

Mzee Mwakio naye alinyamaza huko Voi. Shangazi alinyamaza. Upepo peke yake ndio haukujua adabu. Vuuuu.

Shshshshsh.

Wakesho alifumba macho. Nyanya, tafadhali. Nyanya, usifunge boksi.

Shshshshsh.

Kr.

Wakesho alifumbua macho.

Ilikuwa nini hiyo? Ilikuwa mtu. Mtu alibonyeza kitufe, akakiachia, bila kusema neno.

"Ni yeye?"

"Nyamaza, mwanangu. Mwache avute pumzi."

Shshshshsh.

Kr.

Wakesho alikiondoa kidole kwenye kitufe. Kisha akaiweka mikono yake yote miwili mgongoni, isije ikamponza.

Shshshshsh.

Krrrrrr...

"Hapa... hapa ni..."

Sauti nyembamba. Sauti ya polepole. Ikakatika!

Wakesho alimtazama Shangazi. Shangazi alitazama redio. Hakuna aliyepumua.

Krrrrrr...

"Hapa ni kuku wa Kasigau," ilisema sauti. "Marahaba, mjukuu wangu. Ova."

"NYANYA!" Wakesho alipiga kelele.

Lakini hakuwa amebonyeza kitufe, kwa hiyo kelele ilibaki mle mle ndani. Shangazi alicheka huku anajipangusa macho. Wakesho akabonyeza.

"Nyanya, umekuja! Hukufunga boksi! Umekasirika? Ova!"

"Nilikasirika kidogo," alisema Nyanya Mkamburi. "Lakini mjukuu wangu, ulisema kweli. Nilikuwa naogopa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe tangu adhuhuri, kikakataa kubonyeza. Nikajiambia, wale watu wa Wundanyi hawakosei. Kwenye video hawakosei hata siku moja. Mimi nitasema nini mbele yao?"

Wakesho alisikiliza. Alisikiliza bila kudakia.

"Mara nikasikia kwacha, kwacha, kwacha. Nikashangaa, nani huyu anakula hewani? Halafu chafya! Halafu ule wimbo wa kabeji! Nikacheka mpaka mbuzi wakakimbia. Nikasema, kumbe mwalimu wangu naye hukosea, na bado yuko! Basi hata mimi naweza. Na nimeweza. Ova."

Wakesho alicheka na pengo lake likaonekana lote.

Ndipo redio ikasema, kr. Ilikuwa sauti nyingine. Sauti ya kijana, yenye kigugumizi kidogo.

"Sa-samahani. Mimi ni Mghanga, niko Taveta. Nami nilijifunza kwa video. Nami nilikuwa naogopa. Naweza kuingia? Ova."

Na kabla Wakesho hajajibu, kr!

"Na mimi! Naitwa Wawuda, niko Mwatate. Nimewasikiliza Jumamosi nyingi, nimejificha tu. Ova!"

"Polepole!" alisema Mzee Mwakio, kwa furaha tele. "Mmoja mmoja! Kila mtu atapata nafasi! Lo, leo ni leo! Ova!"

Wakesho aliitazama taa. Akaketi. Safari hii alikitazama kiti kwanza.

Taa ya kijani, nasikiliza.

Jioni, ukungu uliondoka na vilima vikaonekana. Mlima Kasigau ulionekana mbali sana, umekaa peke yake. Watu walianza kuagana redioni. Nyanya Mkamburi alibaki wa mwisho.

"Wakesho, nakwenda kufunga mbuzi. Kesho nitakuita tena, na kesho kutwa pia. Themanini na nane, mjukuu wangu. Ova."

Redio ikavuma. Shshshshsh.

"Themanini na nane nini?" aliuliza Wakesho. "Mbuzi?"

Shangazi alicheka sana. "Hiyo nilifundisha kwenye video yangu moja ndefu. Wewe ulisinzia. Nyanya hakusinzia."

"Ni nini sasa?"

"Watu wa redio wako mbali na mbali. Hawawezi kushikana mikono. Basi wakiagana na mtu wanayempenda, humpa themanini na nane."

"Lakini maana yake nini?"

Shangazi aliinama. Akambusu Wakesho shavuni. Mwaa!

"Maana yake ni hiyo."

Wakesho aliligusa shavu lake. Busu lilikuwa limetoka Kasigau. Lilikuwa limepita juu ya ukungu na mashamba yote, likafika kwenye shavu lake hasa. Alibonyeza kitufe mbio mbio, mbuzi wasije wakamchukua Nyanya.

"Nyanya! Themanini na nane! Themanini na nane kubwa! Ova!"

Nyanya alicheka huko mbali, na kicheko chake kikajaa chumba kizima.

Wakesho alikula, akaoga, akapiga mswaki bila kusema neno. Shangazi alimfunika kwa ile blanketi nzito. Wakesho alilala mkono uko shavuni, busu lisipotee usiku.

Nami nimemaliza. Ova.

Sasa wewe, zima taa, leta shavu lako hapa.

Themanini na nane.